Nachoma sindano kwa siri, na sasa kila mwezi naugua

BARUA

Shikamoo dada mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 31, naishi hapa Moshi mjini, nina watoto wawili. Wa kwanza ni wa kiume, yuko darasa la pili, na huyu mdogo wa kike ana miaka mitatu na nusu, ameanza chekechea Januari hii. Mume wangu anafanya kazi mlimani. Alianza kama mgumu, akabeba mizigo ya wageni miaka minane, sasa ni mpishi wa msafara. Akipanda njia ya Machame anakaa siku saba, anashuka, analala nyumbani siku mbili tatu, anaitwa tena. Kwa hiyo mambo mengi ya nyumba nayaamua mwenyewe, na hili nililiamua mwenyewe pia.

Mwaka juzi mwezi wa sita nilienda kliniki nikachoma sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango. Mume wangu hajui. Sababu ni uzazi wangu wa pili. Nilifanyiwa upasuaji usiku, nikatoka damu nyingi sana, nikaongezewa chupa tatu, na nakumbuka nesi mmoja akimwambia mwenzake maneno ambayo sitaki kuyaandika hapa. Mume wangu alikuwa mlimani, simu haipatikani. Aliposhuka siku ya tano alinikuta nimekaa kitandani nanyonyesha, mama mkwe ameleta mtori, akafurahi. Sikumwambia yote. Nilimwambia damu ilitoka kidogo, basi, ikapita hivyo.

Sasa anataka mtoto wa tatu. Krismasi tulipopanda Kibosho mama mkwe aliniangalia tumbo mbele ya mawifi akasema kihamba, shamba la ukoo, hakilindwi na mtoto mmoja wa kiume. Mwezi wa pili akanitumia chupa ya dawa ya miti shamba ya kusafisha tumbo. Naimwaga kidogo kidogo kwenye mgomba nyuma ya nyumba ili ionekane inapungua. Kinachoniumiza zaidi ni mume wangu mwenyewe. Juzi ameniambia huenda shida ni yeye, huenda baridi ya kule juu imemharibu, na kuna mzee amemuuzia unga wa mizizi anachanganya kwenye uji. Asubuhi namwona anakoroga ule uji, najisikia kama mwizi.

Hilo la siri ningeendelea kulibeba. Kilichonifanya nikuandikie ni afya yangu. Dada, tangu nianze hii sindano mimi ni mtu wa kuumwa. Mafua hayaniishi, napiga chafya, koo linawasha, macho yanatoa machozi. UTI ndiyo usiseme, mwaka huu peke yake nimeugua mara tano. Kila ikija nakimbilia duka la dawa, nanunua sipro, dawa ya kuua bakteria, napata nafuu, wiki haijaisha fangasi hao, nawashwa mpaka nashindwa kukaa kwenye biashara. Nina meza ya nguo za watoto, mitumba, pale soko la Memorial, niliifungua mwaka juzi baada ya Pasaka. Kuna siku nafungua belo nimejifunga khanga puani, na bado narudi nyumbani nimeziba kichwa chote.

Jirani yangu wa meza, mama mtu mzima ninayemheshimu, ndiye pekee anayejua siri yangu. Anasema ni sindano. Anasema ile dawa inakula kinga ya mwili taratibu, inashusha CD4, zile chembe za kinga, kama za mtu mwenye virusi, na ndiyo maana wanaoitumia hupata UKIMWI haraka. Tena siku zangu nimeacha kuziona karibu mwaka sasa, na yeye anasema ile damu chafu haijaenda popote, imekaa tumboni inaoza, ndiyo inaleta UTI. Nilicheka, lakini usiku sikulala.

Kadi yangu ya kliniki naificha ndani ya ndoo ya unga, nimeiviringisha kwenye mfuko wa nailoni. Tarehe ya kurudi ni 14 mwezi ujao. Na mume wangu amesema akishuka safari hii, tarehe 10, hapandi tena mpaka tumeenda hospitali wote wawili, mimi nipimwe haya magonjwa yasiyoisha na yeye apimwe uzazi. Daktari ataniuliza mbele yake, "Mama, unatumia njia gani?" Nitajibu nini?

Nikiacha sindano naogopa mimba. Nikiendelea naogopa naua mwili wangu mwenyewe. Nikisema naogopa ndoa. Nisaidie dada.

Mama wa Wawili, Moshi

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole na kuumwa, na pole zaidi na usiku ule wa upasuaji, kwa sababu naona hujawahi kupewa pole yake.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Naona mambo mawili yamebanwa pamoja kama nguo ndani ya belo moja: mwili wako una nini, na nyumbani useme nini. Yamebanana kwa sababu huwezi kupimwa vizuri bila kutaja sindano, na ukiitaja sindano siri imetoka. Acha tuyafungue moja moja, tuanze na mwili.

Jirani yako hakutunga uongo mtupu, nami sitaki umwone mjinga. Homoni za uzazi kweli zinasemezana na askari wa mwili. Chembe nyingi za kinga zina vipokezi, kama vitasa, ambavyo homoni huingia na kuziamuru zipunguze au ziongeze kasi. Hilo linatokea hata kwa mwanamke ambaye hajawahi kugusa dawa yoyote. Mimba yenyewe hubadilisha kinga, kwa sababu mwili unambeba mtoto ambaye nusu yake ni ya baba na haupaswi kumfukuza. Ni moja ya sababu malaria humkamata mjamzito kwa nguvu kuliko mwenzake.

Sindano unayochoma, kama ni ile ya kawaida ya miezi mitatu, ina homoni iitwayo medroksiprojesteroni, miligramu 150 kila dozi. Hii ina tabia moja ya pekee. Inaingia kwenye kitasa cha projesteroni kama ilivyokusudiwa, na inaweza pia kuingia kwenye kitasa cha kotisoli, homoni ambayo mwili huitumia kutuliza uvimbe na hasira za kinga. Maabara wameona baadhi ya chembe nyeupe za damu zikipoa kidogo zikikutana nayo. Homoni iliyomo kwenye vijiti na vidonge vingi, levonojestreli, haina tabia hiyo kwa kiasi kile. Kwa hiyo mtu akisema sindano na kinga ya mwili vina uhusiano, amesema kweli. Shida ni pale anapofika kwenye kula kinga, kushusha CD4 na kuleta UKIMWI. Hapo amevuka mto ambao watafiti wenyewe walipofika walikuta maji yako tofauti.

Nikueleze walivyofika, kwa sababu hofu hii haikuanzia Memorial. Kwa zaidi ya miaka 20 kulikuwa na tafiti zilizoonyesha kwamba wanaochoma sindano hii wanapata VVU zaidi ya wasiochoma, na nyingine zikaonyesha hakuna kitu. Ugumu ulikuwa kwamba mwanamke anayechagua sindano na yule anayechagua kondomu wanaweza kutofautiana kwa mengi, pamoja na mume na maisha. Ndipo mwaka 2015 ukaanza utafiti ulioitwa ECHO, katika Kenya, Zambia, Eswatini na Afrika Kusini. Kisumu ilikuwa moja ya vituo vyake. Wanawake 7,829 wa miaka 16 hadi 35 walikubali njia yao ichaguliwe kwa bahati nasibu: wengine sindano hii yako, wengine vijiti vya levonojestreli, wengine kitanzi cha shaba ambacho hakina homoni hata tone.

Majibu yalitoka Juni 2019. Wanawake 397 walikuwa wamepata VVU: 143 wa sindano, 138 wa kitanzi, 116 wa vijiti. Iangalie sindano pembeni ya kitanzi, mdogo wangu. Kama sindano ingekuwa inaangusha kinga kama jirani anavyosema, wale wa kitanzi wangebaki nyuma sana. Watafiti hawakuona tofauti kubwa kati ya njia hizo tatu. Tofauti ndogo haiwezi kufutwa kabisa, kwa sababu utafiti ule ulipangwa kunasa hatari iliyoongezeka kwa kama nusu, nami sitakuficha hilo. Lakini Agosti mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani liliiondoa tahadhari ambayo lilikuwa limeiweka mwaka 2017 kwa wanawake walio kwenye hatari kubwa ya VVU. Hata wanawake wanaoishi na VVU, ambao CD4 zao ndizo tungeziogopea kuliko za mtu yeyote, wanaruhusiwa sindano hii.

Kuna namba moja hapo inaniumiza kila nikiikumbuka, nayo ni ile 397 yenyewe. Karibu wanawake wanne katika kila mia, kwa mwaka, na hawa walikuwa wakipewa kondomu na ushauri. Kiswahili chetu kina neno moja, kinga, tunalolitumia kwa mpira, kwa njia ya kuzuia mimba na kwa askari wa mwili. Mama anatoka kliniki anasema "nimeshapata kinga", na kweli amepata ya mimba. Ya magonjwa hajapata. Nadhani huko ndiko hadithi nyingi za sindano na UKIMWI zinakozaliwa, kwa wanawake walioachwa waamini kinga moja inafanya kazi zote.

Na damu isiyotoka? Hapo ulikuwa na haki ya kucheka. Sindano huufanya ule utando wa ndani ya mji wa mimba ubaki mwembamba, kwa hiyo hakuna damu ya kumwagika wala ya kulundikana. Wengi wanaochoma kwa mwaka mzima huacha kuona siku zao. Hakuna kinachooza.

Sasa nirudi kwenye barua yako na kalamu yangu. Sindano ulianza mwaka juzi mwezi wa sita. Meza ya Memorial uliifungua mwaka juzi baada ya Pasaka. Vitu viwili vimeingia kwenye maisha yako vikipishana kwa miezi michache, na lawama zote zimepewa kimoja. Unafungua belo na khanga puani. Ile harufu inapokatwa kamba na nguo zinafutuka, na vumbi lile jembamba linaloelea kwenye mwanga, nalijua. Nimesimama pale nikichagua sweta nikaondoka napiga chafya hadi nyumbani. Mafua ya virusi huja, hukusumbua kama wiki, huondoka. Yako hayaishi, yanawasha koo na kutoa machozi. Je, siku ambayo hukufungua belo hali inakuwaje? Jumapili je? Ulipokaa Kibosho zile siku za Krismasi ulipiga chafya? Kama ulipata ahueni kule na sindano ilikuwa mwilini vilevile, hilo ni jibu ambalo daktari angependa kulisikia. Mzio ni kinga iliyochachamaa, inapigana na vumbi kana kwamba ni adui. Haiendani sana na kinga iliyokufa. Na huyo binti wa chekechea naye, mwaka wa kwanza wa shule mtoto huleta nyumbani kila mafua ya darasa.

UTI pia nina maswali. Pale mezani unakunywa maji kiasi gani kwa siku? Nawajua wanawake wa sokoni wanaokaa toka asubuhi mpaka jioni na nusu kikombe cha chai, kwa sababu choo kiko mbali, cha kulipia, na nani atabaki na meza. Mkojo ukikaa muda mrefu bakteria wanapata nafasi ya kuzaana. Halafu, hizo mara tano, ni mara ngapi mkojo wako ulipimwa kabla ya sipro? Sipro ikiingia haichagui. Inaweza kuwapunguza na wale bakteria wema wa ukeni wanaosaidia kuwazuia fangasi, na huenda ndiyo maana wiki haijaisha wanakuja. Nasema kwa upole, lakini kwa fangasi wako naishuku dawa ya dukani kabla sijaishuku sindano. Dozi zikirudiwa hivyo, tena nusunusu, siku moja itakuja UTI ambayo sipro haiitibu.

Kwa hiyo kupimwa ni lazima, uwe umechoma au hukuchoma. Omba mkojo uoteshwe, ili ijulikane ni bakteria gani na dawa gani inamuweza. Omba sukari, kwa sababu sukari ya juu huleta UTI na fangasi wasioisha. Omba wingi wa damu. Omba VVU. Omba pia uchunguzi wa magonjwa ya zinaa kama klamidia na kisonono, maana dalili zake huvaa nguo za UTI, na yakiwepo mnatibiwa wote wawili. Sisemi mume wako ana mwingine, wala sisemi wewe. Nasema mwanamke aliyeugua mara tano anastahili kujua kwa hakika. Jambo linalonitia hofu kwenye barua yako ni kwamba miaka miwili sasa sindano imebeba lawama, na nyuma yake kunaweza kuwa na kitu kinachotibika ambacho hakuna mtu amekitafuta.

Tuje kwenye tarehe 14. Mimi siwezi kukuamulia, mwili ni wako. Ila uijue kila njia inakokwenda.

Ukichoma tena, ulinzi wa mimba unaendelea, na unajua mwili wako unavyoipokea. Cha kuuliza kliniki ni mifupa, maana sindano hii hupunguza uimara wa mifupa wakati unaitumia, na hurudi kwa kiasi kikubwa baada ya kuacha. Hilo ni la kweli kuliko la damu kuoza, ila hulisikii sokoni. Ukichelewa, kuna nafasi: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu sindano hii hadi wiki nne baada ya tarehe. Tarehe 14 si ukuta. Unaweza kupimwa kwanza, ukafikiri, ukarudi.

Ukiacha bila kitu kingine, usitegemee maneno ya "sindano hukaa mwilini miaka". Ni kweli wengi huchelewa, nusu ya wanawake hushika mimba kama miezi kumi baada ya sindano ya mwisho, lakini kuna wanaoshika mapema zaidi. Na haiui kizazi. Hili ulijue pia kwa ajili ya siku utakayotaka, kama utataka.

Ukibadilisha, kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa na hukaa miaka kumi. Ndicho kingekuondolea swali la homoni na kinga moja kwa moja. Lakini hedhi itarudi, tena nzito miezi ya mwanzo, kwa hiyo wingi wa damu yako uwe umejulikana, na kama kuna maambukizi ya mlango wa kizazi yatibiwe kwanza. Vijiti ni miaka mitatu au mitano kutegemea aina, na homoni zake hazina ile tabia ya kotisoli kwa kiasi cha sindano. Ila vinakaa chini ya ngozi ya mkono na vidole vinavigusa. Mume anayelala na mkono wake juu ya mkono wako atauliza. Kama ungetumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini au baadhi za kifafa ningekuambia vijiti vinaweza kukuangusha. Umwambie mhudumu kila dawa unayomeza.

(Msomaji mwingine mwenye lupus, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, aliwahi kuniuliza swali linalofanana na hili. Kwake hesabu ni tofauti: kama damu yake ina zile kingamwili zinazogandisha damu, njia zenye estrojeni azikwepe kwa sababu ya hatari ya damu kuganda. Asisome jibu hili kama lake.)

Limebaki la nyumbani. Umesema "nikisema naogopa ndoa". Hukusema unaogopa nini hasa ndani ya ndoa. Kama mume wako amewahi kukunyanyulia mkono, au moyo unakuambia atakunyanyulia, basi siri hii inakulinda na mtu asikuharakishe kuitoa. Siku ya hospitali mwambie nesi wa mapokezi, au ukiwa unakwenda kutoa mkojo, "Naomba kuzungumza na daktari peke yangu kwanza." Ni ombi la kawaida, wanalisikia kila siku. Mhudumu anatakiwa kukutunzia siri, na sindano haihitaji saini ya mume. Hatari ya njia hiyo ni kwamba siri inakuwa na shahidi mwingine, na uongo wa tarehe 10 utahitaji mwingine wa kuushikilia.

Lakini mwanaume uliyenichorea wewe mwenyewe ni mwingine. Huyu anashuka mlimani kwa miguu iliyochoka, anasema safari inayofuata ipite, twende ukapimwe. Anakoroga uji wa mizizi akidhani ubovu ni wake. Atatoa mbegu zake zikapimwe, na majibu yakija mazuri atabaki na swali kubwa kuliko alilokwenda nalo. Sikuambii ili ujione mwizi. Ulichukua sindano kwa sababu uliuona mlango wa kaburi ukiwa na kichanga, na hakuna aliyekuwepo kukushika mkono. Nakuambia kwa sababu najiuliza kama mnazozana juu ya mtoto wa tatu huku mmoja wenu hajui mtoto wa pili alizaliwaje. Yeye anakumbuka mama aliyekaa kitandani ananyonyesha, na bakuli la mtori. Wewe unakumbuka chupa tatu za damu na sauti ya yule nesi.

Huenda mazungumzo yasianzie kwenye sindano. Sindano ikitajwa kwanza itasikika kama usaliti na kila utakachosema baada ya hapo kitakuwa utetezi. Usiku ule ukitangulia, sindano ina pa kukaa. Unaweza kumwambia kabla ya hospitali, au mkiwa na daktari ambaye ataomba karatasi za upasuaji wako na kueleza mimba nyingine ingehitaji nini. Damu nyingi uzazi mmoja haimaanishi hutazaa tena, ila inamaanisha uzazi unaofuata upangwe, hospitali yenye damu ya akiba, na si kwa kubahatisha. Baadhi ya wanawake husaidiwa na shangazi au msimamizi wa ndoa kukaa katikati. Hata hivyo anaweza kukasirika. Anaweza kunyamaza siku nzima na kupanda mlima na kinyongo chake. Sitakuahidi vingine, simjui. Wewe unamjua.

Mpaka tarehe 10 una siku kadhaa. Chukua daftari la mahesabu ya meza, ukurasa wa nyuma, uandike: siku ulizofungua belo na siku ulizopiga chafya, vikombe vya maji, na kila dawa uliyonunua mwaka huu kadiri unavyokumbuka. Mpe daktari. Ile dawa ya mama mkwe, endelea kuiachia migomba.

Ukiandika tena, hata kama ni mistari miwili, niambie yule nesi alisema nini. Sitayachapa. Nataka tu yasikae kwako peke yako.

Dada yako, Mshauri